Chumba cha Eda, Mwaka wa Ndui

Tulipomzika mdogo wangu Athumani, mwezi uliopita, maalim aliyesimama kusema maneno ya hitima alitaja kwamba marehemu alipona ndui akiwa mtoto wa miaka sita, "kwa rehema ya Mola peke yake, bila ya mkono wa mtu." Watu wakaitikia, alhamdulillahi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, tasbihi mkononi, na wallahi ilibaki kidogo ninyanyuke nimfokee kupitia dirishani. Bila ya mkono wa mtu! Mkono ulikuwapo, na ulivunjwa, nami niliusikia ukivunjika. Lakini kikongwe akipiga kelele matangani husemwa ni uchungu huo, mpeni maji anywe, basi nikanyamaza. Kunyamaza nakujua sana, nimekufanya maisha yangu yote. Sasa aliyelindwa na ukimya wangu yuko kaburini, mama yangu alitangulia zamani, na sina tena wa kumsingizia. Nitausema mwaka ule kama ulivyokuwa, na waliozoea kuniita mtu mwema wataniwia radhi.

Vita vikubwa vilikuwa vingali vinapiganwa huko mbali, na sisi watoto wa Jomvu Kuu tulivijua kwa mahindi ya njano tu, na kwa baba zetu kurudi kutoka bandarini mara moja kwa juma, maana kazi ya kupakua meli ilikuwa haina mapumziko. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa akiponda kokoto kwenye machimbo ya upande wa Changamwe, yeye na wanawake wengi wa mtaa wetu, na sisi tukitoka chuo cha Kurani adhuhuri hatukuwa na pa kwenda wala cha kula. Ndipo Bi Zuhura akatukusanya nyumbani kwake. Alikuwa mwalimu wa wasichana, mwanamke mrefu mwenye ulimi mkali, na mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Mama zetu walipita kwake asubuhi wakienda machimboni, huyu akiacha nazi, yule kibaba cha unga, na asiye na kitu akiacha kuni. Jua likienda kuzama kila mtoto alikuwa amekula, amesoma na ameoshwa miguu. Chakula chenyewe kilikuwa uji wa yale mahindi ya njano, na siku njema muhogo wa nazi na dagaa wawili watatu juu yake. Tulikuwa kama ishirini hivi, tumejaa ukumbini na barazani, wakubwa tukishona kofia na wadogo wakisoma ubao, na mimi nikawa mpishi kwa kuwa sikuwa na mkono wa kushona.

Mwaka ule Bi Zuhura alifiwa na mumewe akaingia eda, na watu wakadhani masomo ya mchana yamekwisha. Thubutu! Alikaa chumba cha ndani kama impasavyo mjane, miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, lakini pazia la mlango halikuzuia sauti. Akawa anatusomesha nyuma ya pazia. Alitujua mmoja mmoja kwa sauti na kwa kikohozi. "Saidi, umeruka mstari, rudi. Mishi, waona mwenzio apiga mwayo nawe wamcheka, mpe uji!" Mishi ndiye mimi. Nilikuwa na ruhusa ya kuliinua pazia nimpelekee chakula, mimi tu, na nilijiona mtu mkubwa kwa hilo. Wengine walikaa mbali nalo, maana mwalimu usiyemwona humjui anatazama wapi.

Ndui iliingia Changamwe kwanza, kwenye vibanda vya vibarua waliotoka Rabai na kwingineko kutafuta kazi. Niliyoyaona sikuhadithiwa. Nilikuwa njiani kumpelekea mama maji nilipokuta lori, askari, na watu wa afya wamejifunga vitambaa puani. Waliwatoa mume na mke kibandani mwao kwa fito ndefu, wakiwasukuma kama ng'ombe, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwagusa. Mume uso ulikuwa umevimba macho yamefungika. Alijikwaa, akapigwa rungu la mgongo, akajikwaa tena, akapigwa tena. Mke alikuwa akimlilia mwanawe. Huyo mwana, msichana wa umri wangu, alikuwa amebanwa chini na askari wawili anachanjwa mkono pale pale mchangani, naye akiwang'ata, mpaka mmoja akamtandika kofi damu ikamtoka puani. Kisha wakakitia kibanda moto, na ndani mna kuku. Kelele za wale kuku ninazo masikioni hadi leo, wala sili kuku wa kuchoma, na wajukuu zangu wanadhani ni meno. Wale wazazi walipelekwa kambi ya wagonjwa ng'ambo ya kijito, na watu walisema aingiaye huko hatoki. Hawakutoka.

Msichana aliwekwa kambi ya kungojea mpaka siku za kungojea zikatimia, na kwa kuwa hakuota hata kipele, akaachiliwa. Bibi mmoja wa Kirabai aliyekuwa akiuza mihogo Jomvu akamchukua alale kwake, na mchana akamleta kwa Bi Zuhura.

"Waitwa nani?" pazia likauliza.

"Kadzo."

"Kanisani je?"

"Elizabeti."

"Hilo refu, uji utapoa. Kadzo, wajua kupika?"

"Najua."

"Basi msaidie Mishi, aache kutuunguzia."

Hakukuwa na zaidi ya hapo. Wako akina mama walioguna, ati mtoto wa Kinyika, wa hao watu wa Rabai, tena Mkristo, tena katoka nyumba ya ndui. Bi Zuhura aliwajibu kutoka ndani, bila kupandisha sauti, kwamba asiyetaka mwanawe ale na yatima aje amchukue wake. Hakuja hata mmoja, maana wangewapeleka wapi? Nami nikapata rafiki. Kadzo alikuwa na kicheko cha ghafla, cha mtu aliyefinywa, na alikuna nazi haraka kuliko mtu mzima. Usiku aliota kuku, aliniambia. Nikamwambia hata mimi. Hatukulizungumza tena.

Kisha Athumani akashikwa na homa. Siku ya tatu mama alimtazama kinywani, akaona vipele, akakaa chini kwa kishindo. Sijui kama wasomaji wa leo wataelewa hofu ile. Hatukuogopa ugonjwa kama tulivyoogopa lori. Mama akaniambia, "Huyu hawamchukui. Wanisikia? Hawamchukui hata wanichinje." Akafikiri, akasema kipo chumba kimoja tu Jomvu nzima ambacho mwanamume hathubutu kukiingia, na watu wa afya wote ni wanaume, na askari wao wengi ni watu wa hapa hapa, wanajua eda ni nini. Ijumaa, wanaume walipokuwa msikitini, tukamviringisha Athumani ndani ya mkeka na kumpitisha uani kwa Bi Zuhura. Nilitangulia kumwomba.

"Nikimkubali ndugu yako, na hawa wengine?" akasema. "Nikiufunga mlango watakula nini, na watu wa afya watauliza kwa nini umefungwa." Halafu, "Mleteni. Lakini watoto wasivuke mlango wa mbele tena, wakae barazani. Na kila kilichomgusa huyu mtoto kichomwe moto. Nguo, mto, na huo mkeka. Mishi, ni kazi yako. Umesikia?"

"Abee, nimesikia."

Mchongezi hakosekani. Siku ya pili tu askari walikuwa mlangoni petu wakimtaka mtoto mwenye homa. Mama akasema kenda kwa bibi yake Mtongwe. Wakamlaza kifudifudi pale pale kizingitini, wakamtia kiboko, na kila baada ya pigo wakimuuliza, na kila wakimuuliza akisema Mtongwe. Nilihesabu hadi tisa nikaacha. Sauti yake ilipotea kabla ya jibu lake kubadilika. Walipomaliza walienda nyumba kwa nyumba, na kwa Bi Zuhura waliingia hadi ukumbini. Nilikuwa nimesimama na bakuli. Pazia likasema, "Mimi niko eda. Ukitaka kuingia ingia, jibu utakwenda kulitoa mbele ya Mungu." Yule mkubwa wao, mtu wa pwani kwa matamshi yake, akarudi nyuma kana kwamba kakanyaga kaa la moto. "Niwie radhi, mama," akasema, na wakatoka. Bi Zuhura akaanza kusoma kwa sauti kubwa, akaendelea kusoma hivyo siku zote zilizofuata, ili Athumani akilia asisikike barazani.

Nguo nilizichoma. Mto niliuchoma. Mkeka sikuuchoma. Ulikuwa mkeka wa arusi ya mama, wa ukindu wa rangi, ndio kitu kizuri pekee tulichokuwa nacho, na mama mwenyewe alikuwa amelala sakafuni mgongo wazi unachuruzika. Ningemwambiaje kuwa nao nimeuteketeza? Nikaukung'uta, nikauanika uani nyuma ya jiko, nikajiambia jua litausafisha. Baada ya siku mbili ikanyesha mvua ya upepo, baraza yote ikalowa, na wale wadogo walikuwa wakitetemeka, Saidi meno yakimgongana. Nikauchukua ule mkeka nikawatandikia. Nilifanya kwa huruma. Nasema hivyo si kujitetea, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na huruma yangu ile imeua watoto wawili.

Zilipita kama siku kumi na mbili, Saidi akashikwa. Baada yake binti wa jirani, kisha wengine watatu. Bi Zuhura alipopata habari aliniita ndani. "Uliuchoma mkeka?" Nikalia. Akanipiga kibao kimoja cha uso, kisha akanikumbatia, na Athumani amelala hapo pembeni, magamba yameanza kukauka, anapona. Anapona yeye! Saidi alikufa siku ya Jumatatu, na yule binti akamfuata. Watu wa afya walimchomea nyumba baba yake Saidi, Bakari, mchukuzi wa bandarini mwenye mabega kama mlango, na alipopigana nao walimtoa meno ya mbele kwa kitako cha bunduki. Alibaki na nguo aliyovaa na mke aliyerukwa na akili. Mtu aliyefanyiwa hivyo lazima apate wa kumlipizia, na lori limeshaondoka.

Nilianza kusikia maneno kisimani. Mbona yule Mnyika hashikwi? Wamekufa wazazi wake, wanakufa wenziwe anaowapikia, na yeye anang'aa tu! Jawabu lilikuwa kwenye mkono wake, kovu la chanjo kubwa kama senti. Nami nilikuwa nalo, nilichanjwa nikiwa mdogo, nami nilipika uji ule ule na sikushikwa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Siku moja watoto walimzingira Kadzo na ndoo yake kichwani, wakaokota mawe. Mmoja akanitazama, akasema, "Mishi mbona hutupi? Au mnashirikiana?" Nikatupa. Lilimpata nyuma ya sikio. Hakugeuka kuona limetoka kwa nani, alishika ndoo kwa mikono miwili akaendelea kwenda, maji yakimmwagikia shingoni yana wekundu. Nimefika umri huu na bado nikikumbuka hili husema toba kwa sauti, popote nilipo, hata sokoni.

Walikuja alasiri, tunakula. Wanaume kama kumi, Bakari mbele na rungu, wengine na fito na mipini ya majembe. Watoto waliruka kutoka barazani wakikanyagana, chungu cha uji kikapinduka, mmoja akaungua miguu akawa anapiga mayowe yasiyokwisha. Kadzo alikimbilia ndani. Alikimbilia penye pazia, kama ambavyo ningefanya mimi, kama ambavyo angefanya mtoto yeyote, maana hakuna mwanamume angemfuata mle. Nami nilikuwa nimeshafika. Nilisimama mbele ya pazia nikaishika miimo ya mlango huku na huku.

"Nipishe, Mishi!"

"Si huku!"

"Mishi, wataniua!"

"Si huku, nenda uani!"

Angeingia angemwona Athumani. Nilikuwa na mgongo wa mama machoni, na lile jina la Mtongwe lililotamkwa mara tisa na zaidi. Ndivyo nilivyofikiri, kama nilifikiri. Wakamkamata pale pale miguuni pangu. Walimvuta kwa nywele, wakamwangusha, wakampiga mateke ya mbavu na ya uso, na mtu mmoja, baba wa watoto, mtu niliyemwamkia kila asubuhi, alikuwa akimkanyaga mkono huku anasema bismillahi. Jino liliruka likanigonga kwenye ugoko. Bakari akawasukuma wenziwe wampishe, akainua rungu kwa mikono miwili.

Nilihisi ninasukumwa kando kutoka nyuma. Bi Zuhura alitoka. Kichwa wazi, nywele zimetimka, miguu mitupu, kama alivyokuwa ameketi. Wanaume walipomwona waligutuka kuliko wangeona simba. Mmoja alijifunika macho, mwingine akageukia ukuta, nikasikia "astaghfirullah" kutoka kila upande. Bakari hakuwa akiona tena chochote. Rungu lilikuwa njiani, na Bi Zuhura akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Kadzo. Niliusikia mfupa. Ulilia kama ukuni mkavu.

"Bakari," akasema, wala hakulia, "nimemfundisha mwanao alifu kwa ulimi huu. Nitazame. Nitazame uso! Ukitaka wa kumuua, nyumba hii ni yangu, na kilichotoka humu kimetoka kwangu. Huyu hakuja na kitu."

Bakari aliliachia rungu. Akakaa kwenye uji uliomwagika, akamwita Saidi, Saidi, kwa kinywa kile kisicho na meno ya mbele, mpaka wenziwe walipomnyanyua wakatoka naye kinyumenyume, bado wameinamisha nyuso wasimwone mjane. Bi Zuhura akakaa chini, akamlaza Kadzo mapajani pake, mkono mmoja ukining'inia. Akaniangalia. Pazia lilikuwa limefungika nyuma yangu. Hakuna aliyemwona Athumani.

Mkono ule uliunga kwa kupinda. Shemeji zake walisema amemfedhehesha marehemu, ameivunja eda mbele ya wanaume kumi, na wanawake waliokula nazi moja naye wakaacha kupita asubuhi. Baraza ikabaki tupu. Waliokuwa wakila pale walirudi kushinda na njaa milangoni kwao, na wengi wao sikuwaona tena wakisoma. Athumani tulimrudisha nyumbani amejifunika gubigubi, na mama akaeneza kwamba aliporudi kutoka Mtongwe naye alishikwa nyuma ya wenziwe, tukamficha, Mungu akamwafu. Majirani wakatuhurumia. "Hata na nyie, masikini! Yule Mnyika hakubakisha mtu." Mama alikuwa akitazama chini, nami nikitazama chini.

Bi Zuhura aliniita mara ya mwisho eda yake ilipokwisha. Sasa hakukuwa na pazia, na nilitamani liwepo.

"Mishi, mimi langu nimelifanya. Nikisema mimi, watamwendea mama yako kwa marungu yale yale. Lakini Kadzo yeye aambiwe, peke yake, na wewe. Anadhani ni yeye. Umeelewa? Yule mtoto kila siku anadhani ni yeye."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho, inshallah."

Nilimwambia hivyo kesho kadhaa. Kila nikimkuta Kadzo kwa yule bibi wa mihogo, uso wake bado una uvimbe, nilimpelekea kitu: ndizi, kipande cha mkate wa boflo, kitambaa. Alinishukuru. Alinambia mimi tu ndiye niliyebaki naye, na mimi nikala ndizi pamoja naye.

Mjomba wake alikuja kutoka Rabai kumchukua, mzee mpole mwenye kofia ya jua. Kwetu mtu akiondoka hupita kuomba radhi kwa aliokaa nao, na Kadzo alikuwa amekaa nasi kiasi cha kujua hivyo. Alipita nyumba zote. Alipita hata kwa Bakari, nilihadithiwa, akasimama mlangoni pa kibanda chake kipya mpaka mwenyewe akatoka. Kwetu alimaliza. Mama alikuwa ndani akikuna nazi, Athumani amekaa kizingitini anacheza na vifuu, makovu usoni bado mekundu. Kadzo alimtazama Athumani, kisha akanitazama mimi. Pengo la meno lilimfanya aonekane mdogo kuliko alivyokuwa.

"Dada Mishi, mjomba ananingoja. Nimekuja kukuomba radhi. Wewe hujawahi kunisema, lakini najua ni mimi niliyemletea huyu mtoto ndui. Sikujua kama ninayo. Wallahi sikujua." Aliapa kwa kiapo chetu, akidhani ndicho nitakachokiamini. "Nisamehe."

Ndani mama aliacha kukuna. Alikuwa akisikiliza. Nikamshika Kadzo mikono yote miwili, nikamwambia, "Nimekusamehe."